Siku Musée ya Baharanyi Ilipokwenda Matangani

Jiwe lililo katika saloni ya Muzee Baharanyi, chumba chake cha kupokea wageni, liliingia kwa mulango wa nyuma, mwaka wa 2002, siku mulima ulipotapika moto juu ya Goma. Halikupiga hodi. Lilipita jikoni, likala meza na kabati na sahani za arusi, likafika saloni, likashika miguu ya nyuma ya kiti cha mwenye nyumba, halafu likasimama. Watu wa sayansi wanasema moto ulikuwa umeanza kupoa. Mimi ni jirani, ninajua kilichotokea. Mama Louise, muke wa Baharanyi, alikuwa ametoka kusafisha saloni. Alisimama mulangoni na ufagio mukononi, akaliambia jiwe: "Hapo hapo!" Likatii. Hata mimi ningetii.

Hapa kwetu Murara, kila mutu aliyekuta jiwe ndani ya nyumba alitafuta nyundo. Lava ya wengine leo ni ukuta, ni choo, ni ngazi ya kanisa. Baharanyi peke yake hakuivunja yake. Alisema kiti bado ni chake, na kukitoa pale ni kukikata miguu. Akajenga vyumba vya mbao pembeni, saloni akaiacha vile ilivyo, na kila jioni akawa anaingia kuketi, mugongo kwenye lava. Ndicho kiti peke yake katika Goma yote kisichoweza kuibiwa.

Yeye ni mutu wa upande wa Bukavu. Alikuja huku akiwa kijana, akawa karani wa depo ya maharagi. Kazi yake ilikuwa kuangalia mufuko na kusema umejaa ao haukujaa. Aliisema kweli hiyo miaka mingi mpaka ikamuingia mwilini kama baridi ya mifupa, na baridi ya mifupa haitoki. Ukimuuliza kama kitenge chako kipya kinakupendeza, anakiangalia, anafikiri, halafu anakujibu. Wamama wa avenue yetu, mutaa huu, waliacha kumuuliza zamani.

Mama Louise alipofariki, Baharanyi alibaki na mutoto wao Cédrick, anayetengeneza simu, na lile jiwe. Ndipo akafika Madame Aurélie, mwalimu wa shule moja ya hapa karibu. Watoto wake walikuwa na somo la historia ya mahali pao, na yeye alikuwa amesikia habari ya jiwe lililoketi saloni. Akawaleta. Watoto walisimama mbele ya jiwe, wakaliangalia. Jiwe halikufanya kitu. Baada ya muda kidogo mutoto mumoja akauliza:

"Muzee, na vitu vingine?"

"Hakuna," Baharanyi akasema.

Ni kweli hakukuwa na vingine. Lakini uso wa yule mutoto ulimukaa moyoni, na kesho yake akaanza kupita mulango kwa mulango akiomba vitu vya zamani, saloni iwe musée, nyumba ya kutunza na kuonyesha vitu hivyo. Alituambia sharti lake mapema: "Kitu kinabaki cha mwenyewe. Musée inakitunza tu. Mwenyewe akikihitaji, anakuja kukichukua." Kwa sharti kama hilo, nani angekataa? Nyumba zetu ni ndogo, na yeye alikuwa anatupa pahali pa kuweka vitu.

Mama Béata, wa nyumba ya tatu kutoka kwake, alileta benchi refu na taa ya petroli. Mwingine alileta pasi ya makaa. Mwingine chukudu ya babu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya tangu zamani, na magurudumu yake. Mama mumoja aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya na kinu kichwani, amepata kona ya kulala lakini kinu hakina kona, alikileta akakiweka chini, akashusha pumzi. Mimi nilileta sufuria yangu kubwa ya Vitshumbi. Nilizaliwa huko, kwenye ziwa, mahali ambapo kiboko anapita barabarani asubuhi na watu wanamupisha kama mukubwa wa serikali. Katika sufuria hiyo mama yangu alipika samaki aliyekuwa murefu hivi kwamba kichwa kilikuwa kimeshaiva na mukia bado unapiga maji ziwani. Hayo ndiyo ninayowaambia wanafunzi wakija. Baharanyi anawaambia ukweli na mimi, Koko, mama muzee wa avenue nzima, ninawaambia yale mengine. Wanayakumbuka yale mengine.

Basi watu walichukua vitu vyao kila walipovihitaji. Pasi ilitoka kila kulipokuwa na komunyo ya watoto kanisani. Chukudu ilitoka siku za soko, kubeba viazi, na hakuna kitu cha musée duniani kilichosafiri kama ile chukudu. Baharanyi aliweka kikaratasi pahali pa kila kitu, na kitu kikitoka anaandika kimekwenda wapi. Kwa hiyo kuna siku wanafunzi walifika wakasoma: "Chukudu. Iko Kibumba." "Pasi. Iko kwa Mama Christa mpaka kesho." Waliandika hivyo hivyo katika daftari zao na kurudi shuleni.

Muzazi mumoja aliona daftari ya mutoto wake, akaenda kulalamika. Ndipo tukasikia kwamba siku ya Ijumaa Madame Aurélie atakuja na wanafunzi, na pamoja nao atakuja inspecteur, mukaguzi wa shule, aone kama hii ni musée kweli ao ni nyumba ya mutu. Akisema si musée, shule zote zitakatazwa kuja.

Cédrick naye alikuwa anangoja neno hilo hilo. Miaka yote alikuwa anataka ile saloni iwe duka lake la simu, maana inaangalia barabara. Alimwambia baba yake mbele yangu:

"Papa, nimekuheshimu vya kutosha. Inspecteur akisema ni musée, sitaligusa jiwe mpaka nife. Akisema si musée, Jumatatu linavunjwa."

"Ni haki," Baharanyi akasema. Halafu akaenda kuketi katika kiti chake, na siku hiyo hakutoka kula.

Cédrick si mutoto mubaya, lakini ni mwepesi. Wavunja mawe walikuja kupima, wakaacha nyundo zao zimeegemea ukuta ndani ya saloni, ili Jumatatu wasipate shida ya kuzibeba.

Sasa, siku ya Jumatano, alfajiri, Muzee Ntirenganya akafariki. Huyu ndiye alikuwa bwana wa Mama Béata. Zamani alikuwa na ng'ombe upande wa Masisi. Vita vikamaliza ng'ombe, akaingia Goma na fimbo peke yake, na kwa kukosa ng'ombe akawa anachunga watoto wa watu. Alikaa mbele ya mulango wake tangu asubuhi, na mutoto aliyepita akipiga kelele alirudishwa alikotoka. Mupira ukianguka katika parcelle yake, kiwanja cha nyumba yake, ulikuwa umehama. Hakuna aliyewahi kuuona tena.

Mutu akifa, avenue nzima inapika. Alhamisi watu wakaanza kufika kwa Baharanyi. Mama Béata alituma watu wachukue benchi lake na taa yake. Mama wa Kanyaruchinya akaja kuchukua kinu, maana sombe, majani ya muhogo, haijitwangi. Chukudu ikaenda kuchota maji, pasi ikaenda kunyoosha suti ya marehemu, na mimi nikachukua sufuria. Baharanyi hakumukatalia hata mutu mumoja. Upande mumoja wa benchi aliubeba yeye mwenyewe. Aliporudi alimupigia Madame Aurélie simu, lakini inspecteur alikuwa ameshapanga safari yake. Basi akachukua kalamu, na pahali pa kila kitu akaandika: "Kiko matangani."

Ijumaa nilikuwa nimerudi kwa Baharanyi kutafuta mwiko tuliousahau, ndipo nikaona wanafunzi wanaingia. Mashati meupe, kaptula na sketi za buluu, kila mutoto ameshika shati la mwenzake wa mbele. Madame Aurélie alikuwa anatembea pembeni. Nyuma yao alikuja Inspecteur Edmond, mutu munene mwenye koti, anayechagua pa kukanyaga. Aliingia saloni, akazunguka, akasoma kikaratasi kimoja, cha pili, cha tatu.

"Muzee, musée ni hii?"

"Ni hii."

"Vitu viko wapi?"

"Viko matangani."

Inspecteur alimuangalia kuona kama anacheka. Baharanyi hachekagi akiwa kazini.

"Vyote?"

"Jiwe limebaki."

"Na hizi nyundo? Ni za zamani?"

"Hapana, Papa Inspecteur. Hizo ni za Jumatatu."

"Jumatatu kuna nini?"

"Ukisema hapa si musée, mutoto wangu atavunja jiwe."

Madame Aurélie alifunga macho. Inspecteur akavuta pumzi kama mutu anayetaka kusema neno moja tu na kwenda zake, na mimi nikaona neno lenyewe liko karibu na meno. Nikaingia katikati na mwiko wangu.

"Papa Inspecteur, musée haijafungwa. Imesogea kidogo tu. Ni nyumba ya tatu hapo."

"Mama, huwezi kupeleka wanafunzi kuangalia kilio kama sinema."

"Sufuria iko motoni sasa hivi," Baharanyi akamwambia polepole. "Ikirudi hapa itakuwa imeoshwa. Watoto hawatajua inafanya nini."

Madame Aurélie akasema watoto wamepewa kazi ya kuchora kitu kimoja cha zamani, na jiwe walishalichora mwaka jana. Inspecteur akaangalia saa. Akasema: basi, tutasimama inje ya mulango, tutaangalia kwa mbali, hatutaingia, hatutasema kitu.

Mutu anayesema vile hajawahi kufika matangani kwetu.

Chini ya shitingi, turubai la matanga, watu walikuwa wameketi kimya, wazee upande huu, wamama upande ule, maharagi yanatokota. Mara wakaona mulangoni shule nzima, imepangwa mistari, imenyamaza, na mukubwa mwenye koti nyuma yake. Watu wakasimama. Mama Béata alikuwa ameketi chini kwenye mukeka, akainuliwa na wadogo zake.

"Yesu wangu! Watoto wote hawa?"

"Wamekuja na mwalimu wao," mutu akasema.

"Na mukubwa wa shule," akasema mwingine. "Angalia koti."

Jean de Dieu, kifungua mimba wa marehemu, alikuwa ameshika kichwa. "Papa hakutuambia," alikuwa anasema. "Mambo yote haya alikuwa anayafanya, hakutuambia."

Mama Béata akanigeukia. "Koko, hawa ni wa nani?"

"Ni wanafunzi," nikasema.

"Walimujua bwana wangu?"

"Mama, kuko mutoto wa Murara ambaye hakumujua?"

Ninaomba muone vizuri kwamba siku hiyo sikusema bongo, yaani uongo, hata moja. Ilikuwa siku ngumu kwangu.

Inspecteur alitaka kurudi nyuma, lakini mulango ulikuwa umeshajaa watu wanaokuja kuona. Alivutwa kwa mukono akaketishwa mbele, karibu na picha ya marehemu. Watoto waliketishwa kwenye lile benchi na kwenye mikeka. Mutoto mumoja wa kike, Igihozo, mwenye macho ya kukaguakagua, aliona picha, akamwambia mwenzake kwa sauti ambayo si ndogo:

"Ni yule wa fimbo!"

"Mumesikia?" Jean de Dieu akasema, machozi yanamutoka. "Wanamukumbuka mpaka fimbo yake."

Ndipo Mama Béata akafanya jambo nililokuwa naliogopa. Alimugeukia Baharanyi, aliyekuwa amesimama kando ya sufuria yangu kama karani anayelinda mali.

"Papa Baharanyi, wewe husemi bongo, Murara yote inajua. Niambie. Hawa watoto wamekuja kwa ajili ya bwana wangu?"

Shitingi nzima ikamugeukia. Hata moshi ulimugeukia. Baharanyi akafungua mdomo, nikamukanyaga mguu. Akaufunga. Akafikiri. Anapofikiri hivyo, wewe unaweza kwenda sokoni Birere ukarudi. Akisema wamekuja kuangalia sufuria, mujane atalia kilio kingine na inspecteur atakuwa na sababu. Akisema ndiyo, ingekuwa mara ya kwanza, na sijui kama mwili wake ungeweza kubeba.

"Mama Béata," akasema, "kama muzee hangekuwa amefariki, hawa watoto hawangefika hapa leo."

Mimi nimeishi na waongo wengi, wengine wakubwa, na sijasikia neno zuri kama hilo.

Mama Béata akalia vizuri, kwa moyo uliotulia. Halafu akakumbuka kitu, akaita Jean de Dieu, akamunong'oneza. Jean de Dieu akaingia chumbani kwa marehemu, akatoka anakokota mufuko wa viroba. Akaufungua. Ilikuwa mipira. Ya duka, ya matambara, ya majani ya ndizi yaliyokauka mpaka yanalia, ya kamba na sashe za plastiki, miaka na miaka ya mipira.

"Tulikuwa tunajiuliza anaiweka kwa nini," Mama Béata akasema. "Kumbe alikuwa anawawekea ninyi."

Mutoto mumoja aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye mufuko, akachukua mupira mumoja, akaugeuza, akaangalia alama iliyochorwa kwa kalamu ya bic, akarudi kuketi nao mapajani. Wamama walisema huyo ndiye aliyempenda zaidi.

Sasa, kwa desturi, kundi likija matangani, mukubwa wake anasimama kusema neno. Watu wote wakamuangalia Inspecteur Edmond. Akasimama. Akapapasa koti lake kama atapata hotuba ndani yake. Nikamusogelea nikamwambia sikioni: "Nidhamu."

"Muzee Ntirenganya," inspecteur akaanza, "alikuwa mutu wa nidhamu." Watu wakaitikia, ee. Akapata nguvu. "Njia ya mutoto kwenda shuleni ilikuwa inapita mbele ya macho yake." Ee. "Mutoto aliyepita hapa, alipita haraka." Ee kabisa. "Alifika shuleni kwa wakati." Hapo watu walipiga makofi, na Madame Aurélie alikuwa ameinama anatafuta kitu katika mufuko wake ambacho hakikuwamo.

Baada ya neno, chakula. Huwezi kukataa. Inspecteur alipewa sahani ya maharagi na sombe. Watoto waliokwisha kula wakaanza kuchora. Igihozo alichora sufuria yangu, na mimi ninaikoroga, na mukia wa samaki unatoka inje ya ukurasa, kwa sababu nilikuwa nimemwambia. Mwingine alichora kinu na yule mama wa Kanyaruchinya anatwanga, mikono miwili juu. Inspecteur akaangalia kazi zao huku anakula, akamwambia Baharanyi kwa sauti ya chini:

"Muzee, miye nina shida moja. Kitu cha zamani ni kitu kilichoacha kutumika. Hivi vyako vinatumika."

"Hata mimi natumika, Papa Inspecteur."

Inspecteur akatafuna. Akaangalia kijiko chake, akaangalia sufuria, na nikaona imemufikia kichwani kwamba amekula kutoka ndani ya musée. Mutu anaweza kuandika kwamba nyumba fulani haina vitu. Lakini si siku ambayo vitu vyenyewe vimemushibisha.

Cédrick alikuwa pale muda wote. Ndiye kijana aliyepewa kazi ya kumwagia watu maji ya kunawa. Alikuwa anamwagia inspecteur mikono wakati Mama Béata aliposogea kushukuru.

"Papa Mukubwa, hawa watoto watarudi Murara?"

Inspecteur alikuwa amenyosha mikono chini ya maji. Watu wote wa avenue walikuwa wanasikiliza, wazee, wamama, Jean de Dieu na macho mekundu.

"Watarudi," akasema.

"Watarudi wapi?"

Akavuta pumzi. "Kwenye musée."

Watu wakashangilia kidogo, kadiri ya matanga. Jean de Dieu akamushika Cédrick bega. "Ndugu yangu, baba yako ametupa heshima leo. Sisi hatutasahau ile nyumba yenu. Hata watoto wetu tutawaonyesha: hapa ndipo shule ilipotoka."

Cédrick aliendelea kumwaga maji. Mikono ya inspecteur ilikuwa safi zamani, lakini aliendelea kumwaga mpaka birika ikaisha, na viatu vya mukubwa vikaloa. Halafu akasema, "Karibuni." Alilisema mara moja, wala si kwa nguvu, lakini avenue yote ilikuwa shahidi.

Wavunja mawe walifika Jumatatu asubuhi. Cédrick akawapitisha nyuma ya choo, kuna lava nyingine pale isiyoshika kiti cha mutu, wakavunja hiyo. Duka lake la simu liko pale sasa. Wateja wanalalamika kidogo juu ya harufu, lakini simu anazitengeneza vizuri. Baharanyi alirudi kula siku ile ile ya Ijumaa, na alikula sana.

Mimi sijui kusoma, lakini Madame Aurélie alinisomea kile inspecteur alichoandika: kwamba vitu vya musée viko katika hali nzuri, vinafanya kazi, na mulinzi anajua kila kimoja kiko wapi. Habari ya maharagi hakuandika.

Shule zinakuja sasa kutoka hata upande wa Himbi. Lakini watoto walionyesha wenzao zile picha, na hakuna anayetaka tena kuangalia sufuria iliyokauka. Kwa hiyo Madame Aurélie, mbele ya kupanga siku, anatuma ujumbe kwa Baharanyi kuuliza kama Murara kuko kilio ao arusi. Baharanyi anajibu ukweli. Kama hakuna, wanangoja. Muzee Nsanzimana wa nyumba ya kona, ambaye kifua chake kinamukoholesha tangu mvua zianze, ameomba kwa heshima kwamba wanafunzi wakipita waache kusimama na kumuangalia.